Kishimo cha Kumi

"Nani ametia kitu kwenye kishimo cha kumi?"

Aliuliza kwa sauti, kwa hasira ya mtu aliyeharibiwa kazi, na maabara haikumjibu. Nani angejibu? Palikuwa na viti vinane na makalio mawili, yote yake. Wenzake walishahamia jengo jipya ng'ambo ya barabara. Yeye aliambiwa na Profesa, "Baki kidogo, binti yangu, umalizie utafiti wa shahada yako huku," na hicho kidogo sasa kilikuwa kimeingia mwezi wa saba.

Kazi yenyewe ilikuwa kuijaribu kingamwili iliyotolewa kwa sungura, kichupa kisichozidi kidole. Ukiimwaga juu ya utando uliohamishiwa damu kutoka kwenye jeli, hunasa kimeng'enya kimoja tu cha damu, kile kinachoisindika kolesteroli ili mwili uweze kuisafirisha. Ikikinasa, unatokea mstari mweusi. Isipokikuta, panabaki peupe. Kwenye kishimo cha kwanza cha jeli alitia damu ambamo kimeng'enya kimo bila shaka. Kwenye cha kumi alitia maji ya chumvi matupu, ili ahakikishe kingamwili haisingizii watu.

Mafundi wengine hutoleana damu wao kwa wao. Yeye hakuwa na wa kumwomba, akawa anajichoma mwenyewe. Na siku nzima ikipita bila kusemeshwa, alikuwa akifika kishimo cha kumi anakitania: "Na wewe mgeni, karibu, nafasi yako hii hapa."

Miezi yote hiyo alikaribisha. Jumamosi ile, saa nane mchana, kishimo cha kumi kikawa na mstari.

"Umechafua," Profesa alisema kwenye simu. "Rudia."

Achafue nani, yeye? Alirudia huku amefura. Mstari wa kumi ukaja mzito zaidi, na ule wa kwanza, wa damu yake, ukafifia. Akarudia mara ya tatu. Wa kumi ulikuwa mweusi kama lami, wake kama alama ya penseli iliyofutwa vibaya. Ndipo ikaanza harufu, ya mafuta ya mnyama yaliyosahauliwa juani, ikitoka upande wa viti vitupu.

Dada yake, mshonaji, alimpigia simu ya video Jumatano ya wiki ya tatu.

"Vipi, hilo jokofu unaloishi nalo maabara limeshatoa posa? Hebu geukia dirishani. Mbona macho yako yana duara jeupe, kama ya samaki wa juzi?"

"Uchovu tu, dada. Nikimaliza nitakuja."

"Utamaliza lini? Utakuja kutuzika?"

Akacheka, akakata simu, kisha akakaa chini. Alijua, maana ndiyo aliyoisomea: aliyekosa kimeng'enya kile, mafuta hukwama mwilini na macho yake huingia ukungu. Lakini mtu huzaliwa hivyo. Kimeng'enya hakinyonywi kwa wiki tatu.

Ijumaa Profesa alikuja mwenyewe. Hakuingia. Alisimama kizingitini na kunong'ona.

"Limekaa wapi?"

"Nini, Profesa?"

"Jini." Alivua miwani. Jicho lake moja lilikuwa na duara lile lile. "Limetupitia wote, kiti baada ya kiti. Halina makuu. Linataka mwenzi tu. Likipata mmoja huku, halivuki barabara."

"Kwa hiyo mkaniacha mimi."

"Punguza sauti, mwanangu. Vumilia mpaka mwisho wa mwaka, shahada ni yako. Nitatia sahihi kwa mkono wangu."

"Na atanisomea nani hiyo shahada? Maana mimi sitaiona."

Profesa akavaa miwani yake, akashuka ngazi, mbiombio kwa mzee wa umri ule.

Yeye hakulia. Alimwaga sinkini vichupa vyote vya damu yake, akazima mashine ya kutikisa utando, akachukua mkoba, na alipougeukia mlango ukungu ulishauziba, mweupe, mzito, ukitoka ndani ya macho yake mwenyewe, na nyuma yake mashine aliyoizima ikaanza tena kutikisika, taratibu, kama anayebembeleza mtoto, na harufu ya mafuta ikamsogelea mpaka shavuni, na kiti kimoja kikaburuzwa sakafuni, kikaja, kikaja, mpaka kikamgusa goti, na kitu chepesi, baridi, chenye vidole vingi mno, kikaingia kwenye kiganja chake cha kushoto na kutulia humo, bila kubana, bila kuvuta, kama mtu aliyechoka kukaa peke yake.

Aliipapasa simu kwa mkono wa kulia.

"Eeh, mke wa jokofu," dada yake alipokea, cherehani ikinguruma. "Leo umetukumbuka?"

"Dada, nimeacha kazi. Njoo unichukue. Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho."

"Kazi uliyoililia miaka yote hiyo? Mbona unanong'ona? Uko na nani hapo?"

"Sioni, dada."

Cherehani ikanyamaza. "Huoni nini?"

"Njoo kwanza, tutaongea njiani. Ukinikuta nimekaa, usinishike mkono wa kushoto, huo umeshikwa. Nishike huu wa kulia, uvute."