Pumzi ya Kisiwa cha Tatu

Jua lilikuwa linazama tulipotoka Nyangwe kwa mtumbwi kufuata nanga ya bwana yangu, Lukumani. Ilikatika asubuhi kati ya vile visiwa vidogo vya mto Lualaba. Yeye ni mzamiaji. Hutafuta dhahabu chini ya maji, mpira wa hewa mdomoni. Mwenzake wa kushika mpira alikuwa na homa. Nikasema nitakwenda mimi.

Sikwenda kwa sababu ya nanga.

Miezi miwili alikuwa anakawia kwenye kisiwa cha tatu. Alirudi nyumbani akinukia udi, akitabasamu peke yake. Mimi, Faida, sijachoma udi tangu harusi yetu.

"Nikivuta mara tatu, unipandishe," aliniambia.

Akazama kando ya kisiwa hicho cha tatu. Mashini ya hewa ikanguruma, mpira ukateleza mkononi mwangu... Dakika kumi. Ishirini. Visiwa vikawa vyeusi.

Kisha harufu ya udi ikapanda kutoka majini.

Nikasikia kicheko. Cha mwanamke. Kilitoka chini kabisa ya mtumbwi, kidogo, cha chumbani. Halafu sauti ya Lukumani, laini, ile ambayo hajanipa siku nyingi.

Wivu ukanipanda hadi machoni. Nikaukunja mpira. Nikaubana kwa mikono miwili.

Ukavutwa mara tatu.

Sikuuachia.

Mara tatu tena... Kisha kimya.

Hapo akili ikanirudia. Nikauachia, nikaanza kuvuta huku nalia. Muda ule wote bila hewa, mutu hawezi kupona.

Alitoka muzima. Hakukohoa hata kidogo. Akapanda, akakaa mbele yangu, maji yakimchuruzika.

"Faida, ulifunga hewa."

"Unisamehe, bwana yangu. Nani iko kule chini?"

Akanitazama sana.

"Ule mwenye alinipa pumzi yake wakati wewe ulininyima."

"Na... anataka nini?"

"Hakusema."

Sijamwambia mtu. Nikisema, mama mkwe ataniuliza nani alibana mpira. Lukumani hajazama tena. Anakula, anaenda msikitini, anasalimia majirani. Lakini mchana akilala, kifua chake hakipandi wala hakishuki. Nimeweka sikio. Hakuna kitu.

Nikimgeuzia mgongo tu, ndipo ninasikia watu wawili wakipumua nyuma yangu.