Kioo cha Kuba Ndivani

Jua lilikuwa limeshaegemea mlima pale Ernesta alipofungua sanduku lake la kamera kwenye ukingo wa ndiva, bwawa la kijiji kipya juu kidogo ya Makanya. Kila jioni tundu la ndiva huzibwa kwa gogo, usiku maji yanajaa, alfajiri linazibuliwa, mahindi yanakunywa. Asubuhi hiyo tundu lilikuwa limegoma kuzibuka. Method, mtoto wa mwenyekiti, alizama kwenda kulizibua. Hakurudi juu.

Kijiji kilishapata mkosaji: Koleta, mama yake Ernesta, kikongwe aliyeteremshwa mlimani na operesheni ya vijiji, na ambaye hakuwa na mazoea ya kumchekea mtu. Walimfungia nyumbani, mgambo mlangoni.

"Amemfunga mwanangu humo," alisema mwenyekiti Hezroni. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. "Kukicha sijaona kilichomshika mwanangu, nyumba ile itawaka na yeye akiwa ndani."

"Baba Method, kuna kitu kimekwama tu. Nitapiga picha uone."

"Piga, msomi. Huko chuoni wamekufundisha kupiga picha wachawi?"

"Wamenifundisha samaki, baba. Samaki hawasingizii watu."

Alisema hivyo kwa ukali, akainamia sanduku. Mwanga uliobaki ulitosha kuzama mara moja. Achague vizuri.

Kulikuwa na lenzi ya kawaida, ya kukaa nyuma ya kioo bapa. Hiyo majini hukuza kitu na kukata pembeni. Ili tundu lienee kwenye picha angelazimika kurudi nyuma, na katika tope lile kurudi nyuma ni kupiga picha uji. Na kulikuwa na lenzi pana, ya kukaa nyuma ya kioo cha kuba, kilichotuna kama bakuli lililofunikwa. Hiyo unaisogeza mpaka karibu kugusa, na bado inakusanya vya kulia na vya kushoto. Taabu yake ni fokasi, ule umbali ambao lenzi huona wazi: nyuma ya kuba, lenzi huona vitu kana kwamba vimesimama hapo hapo mbele ya kioo, kwa hiyo unaivuta karibu kabisa.

Akachukua kuba. Hapakuwa na mizimu katika uamuzi huo. Fizikia tu.

"Mwanamke haingii ndivani," alisema mzee mmoja ng'ambo.

"Basi ingia wewe, babu."

Mzee akatazama mlima.

Maji yalikuwa baridi. Alishuka akipapasa ukuta wa mawe kwa bega, kasha la kamera mbele, mikono yote miwili imelishika. Giza la kahawia. Alipofika kwenye gogo akafyatua. Akafyatua tena...

Kitu laini kikampita shavuni. Kama kitambaa.

Kisha akasikia mtu akihema.

Chini ya maji.

Hakukumbuka alivyotoka.

Nyumbani, mgambo Anaeli alimpisha mlangoni. "Hajatoka, dada. Hata chooni."

Chumba cha mama hakikuwa na dirisha. Ernesta alitundika blanketi mlangoni, akasafisha filamu gizani kwa dawa zake, mama yake amekaa kwenye kona. Filamu ilipokuwa tayari akawasha koroboi, akaweka jicho kwenye kioo cha kukuzia.

Method alikuwepo. Mguu wake umebanwa kati ya gogo na jiwe. Ajali. Ajali tupu, masikini! Ernesta aliona haya kwa jinsi moyo ulivyomruka kwa furaha.

Halafu akatazama pembeni mwa picha.

Kwenye negativu kila cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi. Mawe yalikuwa yamegeuka. Method alikuwa amegeuka. Lakini pale ukingoni palikuwa na uso ambao haukugeuka. Ulikuwa kama ulivyo mchana, makunyanzi na yote.

Uso wa mama yake.

Harufu ya tope ikajaa chumbani.

"Ulichukua kile cha mviringo," Koleta alinong'ona. Hakuwahi kuliona sanduku lile likifunguliwa. "Kile bapa kingemwona yeye peke yake."

"Mama... ulikuwa unamvuta atoke?"

Tone la maji likaanguka sakafuni. Lingine.

"Mama, niambie ulikuwa unamvuta atoke."

Mlango ukagongwa. Hezroni hakuweza kungoja kuche.

Ernesta akashika mkasi. Maisha yake yote aliwadharau watu wanaokata picha ili ziseme wanachotaka. Akakata. Kile kipande cha uso akakitumbukiza kwenye moto wa koroboi, kikajikunja, kikatoa moshi mweusi. Akatoka na kilichobaki.

Hezroni aliinua negativu mbele ya taa ya mgambo, kioo cha kukuzia jichoni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ni gogo," alisema. Mabega yakamshuka. "Limembana mwanangu. Mungu anisamehe, nilikuwa nichome mtu."

Ernesta akashusha pumzi.

"Ila huu mkono," akasema Hezroni taratibu, "ulioshika kifundo chake... ni wa nani?"

Ernesta alikumbuka mikono yake yote miwili kwenye kasha.

"Wangu," alisema.

Nyuma yake, kupitia pembe ya blanketi, vidole vilivyolowa vikamshika kiganja, vikambana kwa upole, kama mtu anayeshukuru.