Simu Niliyoifungia Mtandao

Hadithi za aina hii watu husema zilimpata jirani, ama binamu ya jirani. Mimi sina jirani wa kusingizia. Hii ilinipata mimi, Ann, hapa Kitengela, kwa nyumba yangu mwenyewe, mchana jua likiwaka, na sitaipamba.

Kazi yangu naifanya nyumbani. Kampuni ya ng'ambo hunitumia rekodi za mikutano, nasikiliza, naandika kila neno kwa laptop, halafu narudisha kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukichelewa mara tatu unatolewa. Kwa hivyo router ya nyumba naijua kama sufuria zangu. Ikilegea naizima, nahesabu hadi thelathini, nawasha. Naitoa karibu na friji. Nafungua app, naangalia ni simu ngapi zimeshika mtandao. Ni huko kwa app nilijifunza kwamba simu ya mtu unaweza kuifungia kwa kidole kimoja, na mwenyewe asijue.

Simu niliyoifungia ilikuwa ya mama mkwe wangu, Nyaguthii. Sote tulimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Aliishi kwa chumba cha nje tulichomjengea alipotoka Nyeri, na kila siku saa kumi alikuwa anaongea kwa video na mtoto wake wa mwisho, Bedan, aliye Qatar. Hiyo ndiyo saa Bedan alikuwa anapumzika kazini. Walikuwa wanaongea saa nzima. Amwonyeshe kuku, amwonyeshe sukuma wiki, amwonyeshe goti lenye linamuuma. Na mimi hapo ndani kazi yangu imekwama asilimia arobaini, haipandi. Nilichelewa mara moja, nikachelewa mara ya pili. Ya tatu sikuingoja.

"Cucu, mtandao uko chini," nilimwambia.

"Na kesho?"

"Tutaona."

Hiyo kesho ilikuwa wiki tatu. Mume wangu, Wachira, anafundisha shule huko Mashuuru na huja mwisho wa mwezi, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kuniuliza. Ikifika saa kumi Cucu alitoka nje na simu, akasimama kando ya tenki la maji, akaiinua juu, akangoja. Hakujua kununua bundles za data za simu yake, na mimi sikumfunza. Bedan alinipigia mara mbili. Nikamwambia Mama amelala. Mara zote mbili nilikuwa namwona kwa dirisha, amesimama, mkono juu.

Naona haya hata kuandika hiyo sentensi. Lakini nimeiandika.

Alhamisi moja Cucu alianguka hapo kando ya tenki. Daktari alisema ni moyo. Simu ilikuwa chini yake, kioo kimepasuka, na haikuwaka tena. Wachira aliifunga kwa leso ya mamake akaiweka juu ya kabati letu. Bedan hakupewa ruhusa ya kuja. Alitazama mazishi kupitia simu ya binamu yake, na jioni hiyo akanipigia.

"Shemeji, niambie ukweli. Mama alikuwa amenikasirikia? Nilimwambia Disemba sitakuja, na tangu hiyo siku simpati."

"Ni mtandao, Bedan."

"Mtandao wiki tatu?"

"Ni mtandao."

Aliniuliza hivyo tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mwenzake wa chumba alimwambia Wachira kwamba Bedan hali, halali, anasema alimuua mamake kwa maneno. Neno moja kutoka kwangu lingemtoa huko. Lakini neno hilo hilo lingenitoa mimi kwa hii boma, na mimi, mtu bure kabisa, nikachagua kunyamaza.

Wiki mbili baada ya mazishi mtandao ukaanza kulala.

Asubuhi ulikuwa mzuri. Saa kumi kamili unakufa, saa kumi na moja unarudi. Nilisema ni watoto wametoka shule wanacheza gemu mtaa mzima. Nikabadilisha password. Nikahamisha router, nikaunganisha laptop kwa waya, nikapiga simu kwa kampuni wakaniambia laini haina shida. Jumapili, watu wako kwa mikutano ya kanisa, mtaa umetulia, saa kumi mtandao ukalala vilevile.

Wachira alikuja kwa likizo akamwita Gideon Lesiamon, fundi wa mtandao kutoka Kajiado ambaye amewekea nusu ya mtaa wetu. Gideon alifika saa tisa, akapima, akasema hakuna kitu kibaya hapa. Nikamwomba angoje. Saa kumi ilipogonga kila kitu kikasimama, akaomba app yangu.

"Kuna simu moja inasumbua," alisema. "Lakini haishushi kitu. Inapandisha. Inajaribu kutoa kitu nje, inakataliwa, inajaribu tena. Imefungiwa."

"Ni simu gani?" Wachira akauliza.

Gideon akasoma jina polepole. "Nyaguthii."

Wachira aliingia chumbani akarudi na leso. Akaifungua mezani. Gideon alibonyeza kitufe cha simu, akakishikilia, akaiunganisha na chaja yake mwenyewe. Hakuna kitu. Ilikuwa imekufa kabisa. Na kwa app, jina lilikuwa bado linajaribu.

"Nani alifungia simu ya Mama?" Wachira alisema. Hakuwa anamuuliza Gideon.

"Labda ilijifungia," nikasema.

Gideon aliniangalia mara moja tu, akaanza kukusanya waya zake. Chai sikuweza kumshawishi anywe. Nilimsindikiza hadi geti, na hapo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo haijifungi. Lazima mtu aingie na password."

"Na hilo jina je? Lenye linajaribu na simu imekufa?"

"Hiyo siijui. Mimi hutengeneza mtandao." Akawasha pikipiki akaenda.

Usiku huo Wachira aliifunga simu tena kwa leso, akairudisha juu ya kabati, akalala akinipa mgongo.

Kesho yake alitoka kwenda mjini. Nilibaki peke yangu. Saa tisa na nusu nikaanza kutuma kazi. Saa kumi ikakwama.

Nikafungua app. Jina liko.

Kuku wakanyamaza. Wote, pamoja.

Halafu nikasikia kitu kutoka chumbani, juu ya kabati. Ni ule mlio wa simu inayompigia mtu mbali. Unalia mara tatu. Unakatika. Unaanza upya. Unakatika.

Dirisha la upande wa tenki lilikuwa kushoto kwangu. Sikugeuka. Najua ningegeuka ningeona mkono.

Mlio ukaanza tena.

Nikapiga magoti. Nikasogea hadi kwa ile router, mdomo karibu kuigusa, nikanong'ona. "Cucu, ni mimi. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikufungia. Na Bedan nilimdanganya umelala. Nisamehe. Lakini tafadhali usimwambie mtu."

Nikabonyeza, nikaifungulia simu yake.

Mlio ukakatika. Kazi yangu ikapanda yote, mara moja. Nje kuku wakaanza kulia kama kawaida.

Niliketi sakafuni nikalia, halafu, nikwambie aibu yangu yote, nikafurahi. Nilifikiri imeisha, na hakuna mtu amejua. Nilikanda hata chapati.

Wachira alirudi tukakaa kula. Ilikuwa kama saa moja. Simu zetu zikalia pamoja. Ni group ya familia, watu ishirini na nane, kutoka Nyeri hadi Qatar. Hakuna mtu alikuwa na moyo wa kumtoa Cucu kwa hiyo group, kwa hivyo jina lake lilikuwa bado humo. Na hapo chini ya jina lake kulikuwa na ujumbe wa sauti.

Wachira aliuweka mezani, kati ya sahani zetu, akabonyeza.

"Cucu, ni mimi," sauti ikasema. Ilikuwa yangu. Ikaendelea hadi mwisho, hadi hapo penye nilisema usimwambie mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo mezani, mbele ya ukoo mzima.

Mimi niliongea sekunde kumi na tano, haziwezi kufika ishirini. Ujumbe ulikuwa wa sekunde arobaini. Nilipomaliza kuongea, mtu alikuwa anapumua. Upepo. Maji yakidondoka ndani ya tenki. Kisha sauti nyingine, kwa Kikuyu, polepole, vile mtu huongea akiogopa laini itakatika.

"Umesikia, Bedan? Sikuwa nimekukasirikia."

Ujumbe ukaisha. Kwa group ikaonyesha Bedan anaandika. Akaacha. Akaanza tena, akaacha.

Wachira aligeuza simu ikalala kifudifudi. Akasukuma sahani kando.

"Sema tena, Ann," aliniambia. "Saa hii ukiniangalia."