Sailensa ya Mombo

Pikapu ya bluu ilizima mbele ya lango la soko la Lushoto, ikaziba njia. Honi zikalia nyuma yake, na akina mama wenye matenga ya kabichi wakapita ubavuni wakinung'unika. Alen, fundi mwenye gereji ndogo nyuma ya stendi, alikuwa amekuja kumnunulia baba yake ndizi. Akamwona dereva akishuka: msichana mwenye sweta la rangi ya haradali, kitenge kilichomkaa vizuri, na viatu vya ofisini vilivyojaa tope.

"Dada, usiendelee kupiga stata, utamaliza betri."

"Kwani wewe trafiki?"

"Fundi."

"Basi acha kuhubiri, fungua boneti."

Alen akacheka kabla hajajua kama ameruhusiwa.

Tatizo lilikuwa sailensa, ule mngurumo mdogo wa gari lililosimama. Ukikanyaga mafuta injini inaitika. Ukiachia, inakohoa na kufa. Wakaisukuma hadi gereji, Alen akakuta mpira wa hewa umepasuka na kabureta, inayochanganya hewa na mafuta, imejaa uchafu. Akapuliza jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, akabadili mpira, kisha akazungusha skrubu ya sailensa kidogokidogo, sikio ameliinamisha.

"Njoo usikilize."

"Inasemaje?" Yudith akauliza. Ndilo lilikuwa jina lake.

"Inaomba namba yako ya simu."

"Mwongo wewe. Ina bando?"

Walianza hivyo. Yudith alikuwa akimpeleka mama yake kliniki Korogwe, moyo ukimsumbua. Alen naye alikuwa akimlisha baba yake aliyepooza upande mmoja, kwa hiyo uchovu wa Yudith aliuelewa bila kuelezwa. Jioni walipigiana simu mpaka salio likakata. Alen alimfundisha kabureta, naye Yudith alimpa chupa yake ya rangi nyekundu ya kucha, Alen akawa anaitumia kutia alama juu ya kila skrubu aliyoiseti, apate kujua ikiguswa.

Masika yalipoanza, mama yake Yudith alizidiwa, akalazwa Korogwe. Yudith alipanda Lushoto peke yake kufuata nguo. Pikapu iliingia gereji ikitetemeka, moshi mweusi nyuma. Alen akafungua boneti. Alama nyekundu ilikuwa imekatika.

"Nani kagusa hapa?"

"Hata pole ya mgonjwa hakuna?"

"Ni Kristofa, siyo?" Kristofa alikuwa fundi wa Mombo, mji ulio chini ya mlima, na aliwahi kumchumbia Yudith.

"Alen, sijalala. Usinianze."

"Sema tu umerudi kwake."

Yudith alimtazama kama mtu asiyemjua. Alen akachukua bisibisi, akairudisha skrubu kwenye alama yake kwa hasira, akabamiza boneti. Sailensa ikatulia palepale. Yudith akaondoka bila kuaga.

Siku zilizofuata Yudith akapiga simu mara kwa mara. Alen akalaza simu kifudifudi juu ya boksi la spana. Mvua ikanyesha, nguo hazikukauka, na baba yake, kwa ule mdomo wake mzito, akauliza, "Yule binti wa kicheko, mbona haji?"

Simu ilipoita tena, akapokea.

"Ni mimi niliyeigusa skrubu," Yudith akasema. "Siku ile tunamkimbiza mama. Pale Mombo ikawa inazima kila nikisimama. Mama ameniegemea begani, anahema, midomo haina rangi. Nikafumba macho, nikaizungusha mpaka ikakaa. Nilifanya kama wewe."

Alen akakaa juu ya tairi. Hewa ya mlimani ni nyepesi, ya bondeni nzito. Sailensa iliyosetiwa juu hukosa mafuta chini, na ya chini ikipanda hutoa moshi. Alilijua hilo miaka yote. Wivu ndio uliomziba macho.

"Na nilipoirudisha? Ulishukaje?"

"Ilizima njiani kote."

"Mbona hukuizungusha tena?"

"Ungeona imeguswa."

"Nisamehe, Yudi wangu."

"Ningekusamehe mapema, ungepokea simu." Akavuta pumzi. "Mama karuhusiwa. Daktari hataki arudi kwenye baridi. Tunahamia Korogwe, kwa mama mdogo. Jumamosi nakuja kuchukua vyombo."

Jumamosi pikapu ilisimama gereji ikiwa na kitanda, masufuria na godoro chini ya turubai. Yudith alikuwa amejifunika kanga mabegani. Macho yalikuwa mekundu.

"Nishuke nawe," Alen akasema.

"Na baba?"

Alen akatazama dirisha la chumba cha mzee.

"Sikukuomba uchague, mpenzi," Yudith akasema taratibu. "Sikia inavyonguruma hapa. Iache hivihivi."

Alen akafungua boneti, akalegeza skrubu. Injini ikaanza kutikisika. Harufu ya petroli ikapanda, moshi ukawafunika miguu.

"Unaiharibu!"

"Hapa tu. Ukifika Mombo itatulia. Sitaki ikuzimie tena na mama ndani."

"Na nikipanda kuja kwako?"

"Itatoa moshi, itatetemeka, watu watakucheka barabarani." Alen akafunga boneti. "Uje hivyohivyo."

Yudith akamshika mkono wenye grisi, akauweka shavuni, kisha akapanda garini. Alen alisimama mvuani akiisikiliza pikapu ikikohoa kona baada ya kona, na kwa mara ya kwanza katika ufundi wake, mngurumo mbaya haukumfanya atamani kuurekebisha.