Kidosho

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kompyuta, si mwoga. Mwoga ni mimi, ndiyo maana kisa chake nakisimulia mchana.

Aliitwa ofisi fulani akafute kabisa mafaili ya karani aliyefariki. Mlangoni akamkuta mjane wake.

"Baba, humo mna sauti yake, alijirekodi akiniita Kidosho. Duniani hakuna mwingine aniitaye hivyo. Nitolee hiyo tu kabla hujafuta."

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini saa ya chakula ilishafika, na njaa mwana malegeza.

"Kaa kwenye benchi, mama. Nikiipata nitakuita."

Akajifungia katika chumba kisicho na dirisha, akaliona faili la sauti, akafuta yote. Kisha akapaza sauti:

"Mama, marehemu kahama, na anwani hakuacha!"

Akajichekea. Huko nje mjane akaanza kulia taratibu.

Hapo umeme ukakatika. Giza totoro. Feni ya kompyuta ikazunguka kwa uchovu, ikanyamaza. Ndipo kwenye spika, ambayo haikuwa na umeme hata chembe, mwanamume akaita kwa upole:

"Kidosho."

Kilio kikakoma.

"Abee," mjane akaitika huko nje.

Fundi akapapasa ukuta, akafungua mlango. Nuru ya mchana ya ukumbini ilimwonyesha benchi tupu, na chini yake viatu viwili vya kike vimepangwa vizuri.

Nyuma yake, mwanamume akaita tena.

"Abee," akaitika mjane, ndani ya spika.