Kiu ya Wasili

Birika lilikuwa tupu, na Feona alikumbuka vizuri kabisa kwamba alilijaza.

Alilijaza jioni kwa mkono wake, akalifunika, akaliacha kando ya moto ili asubuhi asihangaike kushuka mtoni kwenye baridi ile ya Septemba inayouma vidole. Sasa analiinua, jepesi, limekauka mpaka chini. Kifuniko kiko mahali pake. Mchangani, pale lilipokaa, palikuwa na unyevu na harufu ya tope la chini ya mto, lile tope jeusi linalonuka ukilitibua kwa kasia.

"Zaukar!" aliita kuelekea hemani. "Birika zima peke yako? Kwani jana ulikula chumvi tupu?"

Mumewe akatoa kichwa nje, nywele zimesimama. "Mimi sijagusa birika lako. Mwenye kiu ni huyo mwanao tumboni. Umekunywa huku umelala, sasa unanisingizia."

Feona akacheka, maana mume wake alikuwa mtu wa kuchekesha hata akiwa na usingizi. Lakini alikuwa na hakika hajanywa. Mimba ilikuwa ya miezi minne, ya kwanza kufika hapo baada ya mbili kuharibika, na siku hizi alikuwa akijua kila tone na kila tonge lililopita kooni mwake. Zaukar alitaka abaki nyumbani. Yeye akakataa katakata, akasema afadhali alale na dubu porini kuliko kubaki nyumba moja na mama mkwe anayelia dirishani kutwa nzima.

Ndege ndogo ilikuwa imewashusha ziwani kule juu, wao na boti yao ya mpira, bunduki, hema na gunia la samaki mkavu. Kazi yao ilikuwa kushuka taratibu na mto mpaka kijijini, na njiani wapate kulungu mkubwa mmoja, yule wa pembe pana kama sinia, nyama ya baridi nzima. Watu wetu wa Kuskokwim, huku kaskazini kwenye barafu, wanafanya hivyo kila mwaka, mke na mume, na wengine wanasema ndiyo siku pekee wanazozungumza vizuri.

Kilichomsumbua Feona ni mto wenyewe. Mito yote ile, kwa nini huu? Huu ndio uliomla Wasili, kaka yake Zaukar, mwaka uliopita. Boti ilionekana imepinduka, bunduki ikaonekana, yeye hakuonekana. Na kwetu mtu akifa, mtoto anayezaliwa hupewa jina lake na kudondoshewa maji mdomoni, basi marehemu anakuwa amefika nyumbani. Analishwa kupitia mtoto yule, anavikwa, anaitwa kaka, anaitwa baba, anatulia. Asiyepewa jina anabaki nje na kiu yake. Hilo hata watoto wanalijua. Lakini mama mkwe, Mama Olinka, aligoma. "Simpi mtu jina la mwanangu mpaka nimwone kwa macho yangu," alisema, na hata padri alishindwa naye. Watoto wakazaliwa kijijini, wakapewa majina mengine.

Wakaingia botini, wakaanza kuelea. Zaukar alikaa mbele na kasia, na kila walipopita rundo la magogo yaliyokwama ukingoni aliinama akachungulia chini yake.

"Unatafuta nini huko?" Feona aliuliza.

"Naangalia tusigonge."

"Zaukar, niangalie. Tumekuja kuwinda kulungu au kutafuta maiti?"

Zaukar akalaza kasia magotini. "Mama aliniomba," alisema hatimaye.

"Na mimi ukanificha."

"Ungekuja?"

"Ningekuja. Ila ningekuja nikijua, mjinga wewe. Mtu mwenye mimba humpeleki juu ya mtu asiyezikwa bila kumwambia."

Zaukar aliomba msamaha, na akauomba kwa dhati. Feona akamsamehe nusu. Nusu nyingine aliiweka, na tangu hapo akawa anamtazama mgongoni na kujiuliza amemficha nini zaidi.

Birika liliendelea kukauka. Alilijaza, wakageuza kisogo, likakauka. Feona akaacha kulitaja, maana alianza kudhani mumewe anamchezea, na mchezo wenyewe haukuwa mzuri.

Mchana mmoja ukungu ulishuka mpaka juu ya maji. Waliegesha boti kwenye mchanga, Zaukar akatoa mfupa wa bega la kulungu wa zamani, akaanza kukwaruza vichaka. Ndivyo dume anavyoitwa: anasikia sauti, anadhani dume mwingine anasugua pembe, anakuja na hasira zake. Zaukar alikwaruza mara moja, akasubiri.

Ng'ambo ya mto kitu kikajibu. Kra. Kra. Kikanyamaza kidogo. Kra.

Zaukar aligeuka, uso umempauka. Wote wawili waliujua mkwaruzo ule. Wasili peke yake ndiye aliyekuwa akiita hivyo, mbili, halafu moja, na watu walikuwa wakimtania kwamba anabisha hodi kwa kulungu.

"Ni dume," Zaukar alinong'ona.

"Sio dume, na wewe unajua."

"Ni dume, Feona. Nyama ya baridi nzima hiyo. Kaa kwenye boti, usitoke."

"Usiende."

Akaenda. Akavuka pale penye maji ya magotini, akaingia kwenye ukungu na vichaka vya ng'ambo, na Feona akabaki ameshika kamba ya boti kwa mikono miwili. Ikalia risasi moja. Halafu kimya, kimya kirefu, hata mto ulionekana umepunguza sauti. Harufu ya tope ikaja na ukungu, ikamkaa kooni.

Zaukar alirudi, ila hakutokea vichakani alikoingilia. Alitokea majini, kule chini penye kina, anapanda mchangani taratibu, amelowa mpaka nywele, bunduki inachuruzika.

"Nimempata," alisema. "Nipe maji."

"Umelowa mwili mzima, halafu unaomba maji?"

"Nipe maji, shemeji."

Feona akasimama palepale. "Umeniita nani?"

Akamtazama kama mtu anayetafuta neno. "Mke wangu," alisema. "Kiu inaniua." Akalichukua birika, akalinywa lote bila kupumua, na midomo yake ilipotoka kwenye mdomo wa birika ilikuwa mikavu, imepasuka.

Kulungu kweli alikuwepo, amelala kwenye mchanga wa ng'ambo, mkubwa, amenona. Wakavuka, wakaanza kumchuna. Feona alishika mguu, mumewe akakata, na alikuwa amekata robo nzima kabla Feona hajaona kisu kiko mkono gani. Kilikuwa mkono wa kushoto, na Zaukar alitumia wa kulia. Kule kwao mwenye shoto alikuwa Wasili.

Feona angemwambia nani? Akawasha moto, akachoma ini, akakata kipande cha kwanza kama tunavyofanya siku zote, akakitupa kwenye makaa kwa ajili ya marehemu. "Wasili, kula," alisema kwa sauti ndogo, akamwangalia mumewe pembeni.

Mumewe akaingiza mkono kwenye makaa. Hakuutoa haraka. Alipapasa, akakipata kile kipande, akakitia mdomoni na majivu yake, akatafuna huku akimtazama Feona tumboni.

"Huyo hajapewa jina bado, eeh?" aliuliza.

"Bado," Feona alisema, akalifunika tumbo kwa mikono.

Usiku ule Feona hakuingia hemani. Alisema anaangalia nyama isiliwe na dubu, akakaa nje na shoka magotini, na yule aliyekuwa ndani ya hema akawa anageuka, anageuka, na kila akigeuka palisikika maji, maji yanayosukwasukwa ndani ya kiriba, halafu sauti ya Zaukar, sauti ile ile aliyoipenda tangu wakiwa shule, ikamwita aje alale, baridi itamwingia, mtoto ataumia, akamjibu anakuja, akaitwa tena, akajibu anakuja, na unyevu ukaanza kutoka chini ya hema na kutambaa mchangani kumfuata miguuni, akasogea, ukamfuata, akasogea tena mpaka visigino vikagusa mto. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Angeweza kusukuma boti akaondoka peke yake. Lakini Zaukar wake alikuwa mahali fulani ndani ya mwili ule, na akimwacha, ndio amemwacha moja kwa moja.

Kulipopambazuka alikuwa ameshaamua. Alichota maji mtoni kwa kikombe, akafungua hema.

"Wewe ni Wasili?" aliuliza.

"Nina kiu," yule alisema.

"Nakuuliza, wewe ni Wasili?"

"Nina kiu. Nipe pa kukaa."

"Mama yako amekunyima jina. Mimi nikikupa, utamwacha mume wangu?"

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la Wasili hasa, la upande mmoja, na Feona aliyempenda shemeji yake alitokwa na machozi. "Nitamwacha," yule alisema. "Nipe."

Feona akaweka mkono tumboni, akanyoosha kikombe kwa mkono wa pili. Mtoto wa kwanza kushika, na anamtoa hivi, ndani ya hema linalonuka tope. Akajiambia ni jina tu, jina zuri, jina la mtu mwema, na mtoto lazima aitwe jina la marehemu fulani. "Kunywa, basi. Hili jina nampa mwanangu. Ndani yake ndimo mwako. Mume wangu umwache."

Yule akanywa. Alikunywa taratibu mara hii, na Feona akahisi ubaridi unampita kitovuni, kidogo tu, ukaisha. Halafu Zaukar akaanguka kifudifudi, akatapika maji ya mto, maji meusi yenye mchanga, mengi kupita tumbo la mtu, akainua uso akauliza, "Kulungu yuko wapi? Mbona nimelowa?"

Feona alimkumbatia akalia kwa sauti. Zaukar hakukumbuka chochote tangu alipopiga risasi. Akapewa samaki mkavu, akamtafuna, akaomba mwingine, akasema mke wake anapika chai mbaya kuliko wanawake wote wa mtoni. Mkono wake wa kulia ulishika kikombe. Birika lilijazwa, likabaki limejaa. Walishuka na mto wakiwa na nyama mpaka boti inazama ukingo, na Feona alipomsimulia yote, Zaukar alimshukuru. Akasema mama atakasirika, halafu atafurahi.

Mama Olinka alikuwa amesimama ukingoni walipofika, sio dirishani. Alikuwa amefunga kitambaa kipya na amebeba kichanga cha jirani, anakirusharusha na kucheka. Feona hakuwa amemwona akicheka tangu msiba.

"Njooni, njooni mumsalimie kaka yenu!" aliita. "Zaukar, siku ile ile mlipoondoka, ndege yenu hata haijatua kule ziwani, wavuvi wa chini ya mto wakaleta habari. Wamempata! Nimemwona kwa macho yangu, tumemzika na padri. Mchana ule ule huyu akazaliwa, nikamdondoshea maji mwenyewe, nikampa jina. Alikunywa, akalala. Na mimi nikalala. Wasili ametulia, wanangu, sijamwota tena hata siku moja."

Zaukar akalia, akakichukua kile kichanga, akakiita kaka. Kilimshika kidole, kikapiga miayo.

Feona alibaki ndani ya boti. Ndege ilikuwa haijatua ziwani. Kwa hiyo kabla ya hema la kwanza, kabla ya birika la kwanza, Wasili alikuwa ameshazikwa, ana jina, ameshanywa. Akakumbuka kwamba alimuuliza yule wa hemani mara mbili kama yeye ni Wasili, na mara zote mbili hakusema ndiyo. Mkono wa kushoto, mkwaruzo, tabasamu, vyote vilikuwa vya Wasili kweli. Kitu kilichokuwa navyo kilikuwa kimekaa na Wasili chini ya maji mwaka mzima, kikijifunza.

"Na wewe mwanangu, mbona hushuki?" Mama Olinka aliuliza. "Mjukuu wangu hajambo humo?"

Ndipo mtoto alipocheza tumboni, kwa mara ya kwanza. Alicheza mara mbili, akanyamaza kidogo, akacheza mara moja.

Feona alifungua mdomo aseme, na koo lilikuwa limemkauka kabisa.

"Mama," alisema, "naomba maji."

Akaletewa kopo, akalinywa lote bila kupumua, akalinyoosha tena.