Bahasha Mbili za Chuo Kikuu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Irène alimsaidia mama yake kuanika ndagala. Walikaa Jabe, nyuma kidogo ya soko, kwenye mtaa wenye watu wengi na biashara ndogondogo. Mama Marguerite alikuwa mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na tangu alipohamia Bujumbura aliwalisha na kuwasomesha watoto wake kwa samaki hao wadogo wa ziwa. Yeye aliwamwaga ndagala juu ya turubai, naye Irène akawatandaza kwa viganja viwili mpaka asibaki hata mmoja aliyelala juu ya mwenzake. Kisha Irène alinawa kwa sabuni na limau ili wenzake wasimcheke kwa harufu, akavaa sare na kuondoka.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la nane. Rafiki yake mkubwa alikuwa Bella. Walikaa dawati moja tangu darasa la tatu. Mwaka uliopita wazazi wa Bella walihamia Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, lakini Bella alikataa kubadilisha shule. "Mi siwezi kuanza upya na watu nisiowajua," alimwambia baba yake. Irène hakusahau neno hilo. Aliamini kwamba Bella alibaki katika shule ya Jabe kwa ajili yake.

Mwezi wa tatu, mwalimu wao alileta habari mpya. Katika likizo kubwa, chuo kikuu kingewapokea wanafunzi thelathini wa mji mzima kwa wiki mbili. Wangeingia maabara, wangefundishwa na walimu wa chuo, na wangekutana na mainjinia, madaktari na wataalamu wa kilimo, ili wajue mapema kila kazi inahitaji masomo gani. Aliyetaka kwenda aandike insha juu ya jambo alilolichunguza mwenyewe, aitie ndani ya bahasha, na bahasha ifike ofisini kabla ya mwezi wa tano kwisha.

Bella aliamua kuandika juu ya vumbi la barabarani. Irène aliangalia turubai la mama yake. Kwa nini ndagala wengine waliingiwa na wadudu upesi na wengine walidumu? Aliomba kipande cha wavu wa waya kwa fundi jirani, akakifunga juu ya miti minne, akaanika nusu ya ndagala pale juu na nusu chini kama kawaida. Kila siku kwa wiki sita aliandika daftarini: saa za kukauka, mchanga, nzi, harufu. Siku ya mvua aliandika pia, ingawa siku hiyo ndagala wa juu walioza sawasawa na wa chini na kumharibia hesabu yake.

Siku ya mwisho ya kupeleka bahasha, Mama Marguerite aliamka na malaria. Irène alilazimika kukaa sokoni badala yake. Alikuwa karibu kulia Bella alipopita kumwona.

"Nipe mi nipeleke," Bella alisema. "Chuo kiko karibu na kwetu. Nitapeleka zote mbili."

"Usikunje tu."

"Sikunji. We uza samaki zako."

Irène alimkabidhi bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga ambebee.

Wiki nne baadaye majina yalibandikwa shuleni. Irène alisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Bella alikuwamo. Yeye hakuwamo. Alikwenda nyuma ya madarasa akalia, akanawa uso, akarudi na kumkumbatia rafiki yake. "Afadhali mmoja wetu kuliko sisi wote kukosa," alisema. Bella aligeuza uso. Irène alidhani anamhurumia.

Jumapili kabla ya masomo ya chuo kuanza, Bella alikuja Jabe kusukwa. Irène alimsuka mistari myembamba kwa saa tatu, vidole vikamuuma.

"Utaniambia kila kitu," alimwomba. "Hata hadubini ikoje."

"Nitakuambia," Bella alisema, macho yake chini.

Masomo yalianza Jumatatu. Siku mbili Irène alijitahidi kutoyafikiria, lakini swali moja lilimsumbua: insha yake ilikuwa na kasoro gani? Jumatano alimwambia mama yake anataka kwenda chuo kikuu kuuliza.

"Kuuliza nini tena?" Mama Marguerite alishangaa. "Si walikukatala?"

"Nataka wanionyeshe makosa yangu, Mama. Ili mwaka kesho nisiyarudie."

Mama aliweka chini kikapu cha ndagala. "Basi enda. Lakini uulize na adabu."

Irène alitembea kwa miguu kupitia Nyakabiga, vumbi la kiangazi likimpanda mpaka magotini. Ofisini alipiga hodi, akamkuta karani kijana aitwaye Bonfils, akaeleza shida yake. Karani alitabasamu.

"Wewe ni wa kwanza kuja kuuliza makosa. Wengine wanakuja kulalamika. Jina?"

Alifungua daftari kubwa, akashusha kidole ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Akarudi mwanzo.

"Jina lako halimo."

"Labda mmeandika vibaya. Ni insha ya ndagala."

"Mdogo wangu, kila bahasha iliyofika hapa ina namba, na aliyeileta ametia saini. Ya kwako haikufika."

Aligeuza daftari ili Irène ajionee. Namba arobaini na moja: Bella, shule yao, tarehe ile ile ambayo Mama alikuwa na malaria. Saini ilikuwa ile aliyoiona dawatini miaka mitano. Namba arobaini na mbili ilikuwa ya mvulana wa Gasenyi. Kati ya mistari hiyo miwili hapakuwa na kitu.

Irène alishukuru, akatoka. Upande wa pili wa ua, kupitia dirisha la maabara, alimwona Bella katika koti jeupe, ameinamia hadubini. Msichana wa pembeni alimnong'oneza kitu, Bella akacheka. Mistari ya nywele zake ilikuwa bado imenyooka.

Alisubiri ukutani mpaka saa sita. Wanafunzi walipotoka, Bella alimwona, akasimama ghafla.

"Irène! Umekuja kufanya nini?"

"Bahasha yangu iko wapi?"

"Si niliipeleka? Labda hao watu waliipoteza..."

"Nimeona daftari, Bella."

Bella aliangalia kulia na kushoto. Wenzake walikuwa wameshaenda kula. "Mlinzi wa getini aliniambia kila shule ina nafasi moja tu," alisema kwa sauti ndogo. "Papa alikuwa ameshawaambia ndugu wote kwamba nitaingia. Nilikaa kwenye ngazi nikafungua ya kwako."

"Ukaisoma?"

"Nikaisoma."

"Halafu?"

"Ilikuwa nzuri kuliko yangu."

Irène alihisi kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Hakuwa amejiandaa kusikia hilo.

"Nilikusuka Jumapili," alisema hatimaye. "Saa tatu, Bella. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu na ulikuwa unajua."

Akageuka na kuondoka. Bella alimwita mara mbili, lakini hakumfuata.

Nyumbani Irène hakula. Mama Marguerite aliketi kando yake kwenye mkeka, akangoja. Taratibu habari yote ikatoka.

"Nitawaambia darasa zima," Irène alisema akilia. "Nitaandika ubaoni kwamba ni mwizi. Wamcheke kama walivyonicheka kwa samaki."

"Apana, mutoto wangu. Ukifanya vile, watu watasahau kosa lake na kukumbuka matusi yako. Kuna mwenye kazi ile kule chuo. Ukweli upelekwe kwake. Kesho mi nafunga biashara, tunaenda pamoja."

"Ndagala je?"

"Wataningoja. Watakimbilia wapi?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Irène alicheka kidogo, kisha akalia tena.

Asubuhi Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Mkuu wa masomo yale alikuwa Madamu Consolate, mwalimu wa sayansi ya vyakula, mwanamke mrefu mwenye miwani. Aliwakaribisha vitini, akamsikiliza Irène bila kumkatiza. Hakusema "pole" wala hakumlaani mtu. Alimwita Bonfils na daftari, kisha akatuma Bella aitwe.

Bella aliingia, akamwona Mama Marguerite, akarudi nyuma hatua moja. Mara ngapi alikula ugali wa mama huyu!

"Siku ile ulikuwa na bahasha ngapi mkononi?" Madamu Consolate aliuliza.

Bella alimtazama Irène kana kwamba anaomba asaidiwe, kama darasani anaposahau jibu. Irène aliangalia dirishani.

"Mbili, Madamu," Bella alisema mwishowe, na machozi yakamtoka. Alieleza yote: mlinzi, ngazi, bahasha iliyofichwa chini ya nguo kabatini. "Niliogopa shule yetu ingepata mmoja tu."

Madamu alivua miwani. "Mlinzi hajui jambo hilo. Kutoka shule moja ya Gasenyi tumechukua watatu. Hatukuhesabu shule. Tulisoma insha. Ya kwako tuliipenda, Bella. Ungechaguliwa hata kama ungeleta zote mbili."

Bella alifunika uso kwa mikono ya koti lake jeupe. Irène alitegemea kufurahi, lakini hakufurahi. Maumivu yaliongezeka, kwa sababu sasa alijua kwamba walipaswa kuwa hapo wote wawili, na kwamba urafiki wao ulivunjwa bure.

Bella alitumwa nyumbani, akarudi na bahasha. Madamu Consolate aliisoma pale pale, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika katikati akainua kichwa.

"Siku ya mvua uliandika kwamba wavu haukusaidia kitu. Kwa nini hukuiacha siku hiyo? Insha ingependeza zaidi."

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, Madamu."

Mwalimu alikunja karatasi polepole. "Viti ni thelathini, na vyombo ni thelathini," alisema. "Wiki ya pili, kwenye kiti cha Bella atakaa Irène. Bella, mwaka kesho utaandika upya kama wengine, na nitakusoma bila kukumbuka ya leo. Barua kwa wazazi wako nitaiandika mimi. Lakini habari yenyewe utaisema wewe, kwa mdomo wako, kabla barua haijafika."

"Ndiyo, Madamu."

Mlangoni Bella alisimama mbele ya Irène. "Nisamehe," alisema.

"Nimekusikia," Irène alijibu. "Lakini bado inauma. Siwezi kukudanganya kwamba haiumi."

Wiki ya pili ilipita upesi mno. Irène aliona kwa hadubini vijidudu vinavyoozesha samaki, akajifunza kupima maji yaliyobaki ndani ya ndagala mkavu, na akagundua kwamba kuna watu wanaosoma miaka mingi ili chakula cha maskini kisiharibike. Hakujua kwamba hiyo ni kazi. Alidhani ni shida ya mama yake tu.

Ijumaa, baada ya kuosha vyombo na kuvipanga kabatini, alibaki nyuma.

"Madamu, watu wananiuliza kama nimemsamehe Bella. Sijui niwajibu nini. Jana nilikutana naye sokoni, tukasalimiana tu."

Madamu Consolate alivuta kiti, akaketi ili macho yao yalingane.

"Msamaha hauna tarehe ya mwisho kama bahasha, mwanangu. Utakuja moyo wako ukiwa tayari, na usikubali mtu akuharakishe. Uaminifu ni jambo jingine. Huo Bella atautafuta mwenyewe, kidogo kidogo, kwa vitendo, na huenda ikachukua miaka. Aliona kwamba kazi ya mwenzake ni nzuri, akaificha. Hakupata nafasi kwa njia hiyo, alipoteza nafasi na rafiki. Wewe uliona siku iliyokuharibia kazi, ukaiandika. Katika maabara, na nje ya maabara, mtu anayeandika ukweli hata unapomuumiza ndiye tunayemkabidhi funguo. Akili tunaweza kukuongezea hapa chuoni, lakini hilo mtu huja nalo kutoka nyumbani."

Irène alitikisa kichwa kukubali. Nje, Mama Marguerite alikuwa ameketi kwenye ngazi kwa kitenge chake cha kanisani, akimsubiri binti yake ili warudi Jabe pamoja.